Mzungu wa Karatasi na Boma Langu

Mimi shule niliiacha darasa la tano na sijawahi kuijutia. Nilianza kwa kubeba magunia ya omena kutoka kisiwa cha Remba, mgongo ukinuka samaki hata Jumapili kanisani. Leo ukisimama Sori barabarani ukauliza mabati na saruji vinauzwa wapi, utaonyeshwa duka langu kabla hujamaliza swali. Nina malori. Nina pikapu ambayo haijawahi kulala njiani. Wako walimu wenye vyeti vya kufunika ukuta mzima, na wakitaka kujenga huja kwanza kuniuliza mimi. Nayasema haya ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani. Si mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Lakini kwa jambo hili la mmea nilichanganyikiwa, na ukiniuliza leo, bado.

Pamoja na mali yote hiyo, nilikuwa ningali nalala ndani ya boma la marehemu baba yangu. Kwetu hilo si jambo dogo. Mwanamume anaweza kuwa na nyumba Kisumu na nyingine Nairobi, lakini kama hajatoka kwa baba yake akaanzisha boma lake mwenyewe, kwenye kikao cha ukoo anakaa na vijana. Tena mimi ndiye kifungua mimba. Ndugu yangu mdogo hakuweza kutoka kabla yangu, mila haimruhusu kuniruka. Mwanangu mkubwa naye, ndevu zimejaa, hakuwa na pa kujenga nyumba yake ya ujana, kwa sababu nyumba hiyo hujengwa kwenye boma la baba, si la babu. Alikuwa amepanga chumba sokoni nyuma ya kinu cha unga, kama mgeni. Wote walikuwa wamekwama nyuma yangu kama magari nyuma ya lori bovu mlimani.

Na sababu ya kuchelewa ilikuwa moja tu: nilitaka mahali pa kuonekana. Nikapata kipande mteremkoni juu ya Sori, ambapo ukisimama unaliona ziwa lote, na ziwa lote, hili ndilo nililolipenda, linakuona wewe. Nilikuwa nimekwisha kuwatangazia wavuvi: mwaka huu mkirudi asubuhi mtaona mabati mekundu yanawaka pale juu, mjue hapo ndipo ninapokunywa chai. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, ndiye angetutangulia kwenda kuchimba shimo la nguzo ya kwanza.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo akaja daktari. Si daktari wa sindano. Alikuwa mama wa makamo, kwao Taita, na kazi yake Nairobi ni kutunza mimea iliyokaushwa, rafu juu ya rafu, kama mimi ninavyotunza misumari. Alitaka gari na mtu anayejua njia kutoka Nyatike mpaka Homa Bay. Dereva wangu alikuwepo, lakini aliponieleza anachotafuta niliamua kuendesha mwenyewe.

Alikuwa anafuata nyayo za mzungu mmoja wa zamani sana, kabla ya barabara, kabla ya mgodi wa Macalder, aliyetembea huku kwa miguu akichuma majani na maua na kuyalaza katikati ya karatasi. Huyo nilimjua! Huyo ndiye Mzungu wa Karatasi. Baba alitusimulia tangu tukiwa watoto jinsi babu yetu alivyokuwa mkuu wa wapagazi wake, akamvusha mto Kuja, akamwonyesha njia mpaka ng'ambo ya milima. Hadithi hiyo nimeisimulia Sori, nimeisimulia Migori, nimewasimulia hata polisi wa kizuizini.

"Basi wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta," daktari akasema. "Babu yako alimpitisha wapi?"

"Njia yote ninayo hapa kichwani, mama," nikamjibu, na Mungu anajua niliamini ninayo.

Akanionyesha picha kwenye simu yake. Karatasi kuukuu, na juu yake kitu kama kitunguu kilichokanyagwa na ng'ombe: majani mawili mapana na ua lililogeuka rangi ya chai. Mmea huo, akasema, ulichumwa na mzungu yule katika safari ile moja, na tangu hapo hakuna mtu aliyeuona tena. Mzungu mwenyewe alikuwa ameeleza mahali kwa maneno machache tu: mteremko unaotazama ziwa, mawe, udongo mweusi, pori tupu, hakuna watu.

"Ni hayo tu?" nikauliza.

"Ni hayo tu."

Sasa, mteremko unaotazama ziwa, kwetu! Ni kama kutumwa Sori ukamtafute mtu, na unaambiwa tu kwamba ana miguu miwili.

Tukaanza. Mimi nikiendesha, daktari akisimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo nilivyozidi kutomwelewa yule mzungu. Alishuka kwa mtumbwi kwenye ghuba ya Karungu, sanduku moja la karatasi likaanguka majini, akashinda siku nzima anaanika karatasi juu ya mawe huku wapagazi wakidhani anaanika pesa. Alipanda mpaka Gwasi. Aliingia bonde la Lambwe wakati bonde ni la mbung'o na nyati, akashikwa na homa, ikabidi abebwe kwenye machela. Hata humo ndani ya machela alikuwa akipiga kelele wasimame, kuna ua. Na kila jioni, kabla ya chakula, moto wa kwanza ulikuwa wa karatasi, kwa sababu majani yakilala katika karatasi yenye unyevu yanaoza. Karatasi mbichi zitolewe, zikaushwe, kavu ziingie. Wapagazi walinung'unika kwamba karatasi inaota moto wakati wao wanatetemeka.

"Alikuwa anatafuta dhahabu?" nikauliza.

"Hapana."

"Dawa?"

"Mara chache."

"Basi alikuwa analipwa vizuri."

"Vibaya. Mwishoni nadhani hakulipwa kabisa."

Nikabadilisha gia. Mimi namwelewa mtu anayekwenda Remba kutafuta samaki, na namwelewa anayekwenda Remba kukimbia mke. Huyu sikujua nimweke ghala gani.

Njia niliyokuwa nayo kichwani iliishia Karungu. Hapo nilimwuliza mzee mmoja anayeshona nyavu, ili tu athibitishe, akaniambia mkuu wa wapagazi wa mzungu huyo alikuwa babu yake yeye, na walipita kulia, si kushoto. Lambwe, mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akatuapia kwamba ni babu yake. Rodi Kopany, muuza chai akasema babu yake hakumwongoza tu, alimbeba mgongoni, na akatuonyesha mgongo wake mwenyewe kama ushahidi. Kila mmoja alinyoosha kidole kwenye kilima chake. Daktari alishuka garini kila kilima, akapiga magoti, akapangua nyasi kavu, akarudi na vumbi kwenye sketi. Mimi nilisimama karibu na pikapu nikiwaeleza watu kwamba mimi si dereva, mimi ni mwenye gari.

"Kwa hesabu hii," daktari akasema tukinywa chai hiyo ya Rodi, "huyo mzungu alikuwa na wakuu wa wapagazi wengi kuliko wapagazi."

Nikacheka, lakini si sana.

Hapo Rodi ndipo aliponieleza vizuri. Mwaka ukiisha anastaafu. Asipouona mmea huo safari hii, utaandikwa kuwa umekwisha duniani, na atakayeuandika hivyo ni yeye. "Hauonekani ila mvua ya kwanza ikishapiga," akasema. "Unatoka kabla ya nyasi, unachanua, unarudi chini. Ukichelewa kidogo tu, unatembea juu yake na hujui."

Mvua ikatukuta njiani tukirudi, mvua ya kwanza, nzito, ya kufanya vumbi linuke. Tulilala Sori. Zilipopita siku kadhaa za kuzunguka bure kwenye vilima vya jirani, alifunga mkoba wake kurudi Nairobi. Nikamwambia, mama, usiondoke kabla hujaona mahali ninapojenga. Nilitaka aone kwamba hata kama njia imenipotea, mtu aliyekaa naye garini si mtu wa mchezo.

Nikampandisha mteremkoni. Nikaanza kumwonyesha: kule ni Remba ukungu ukiondoka, hapa sebule, hapa veranda.

"Bwana," akasema, "usisogee."

Nikadhani ni nyoka.

"Mguu wako. Uinue polepole. Uweke nyuma."

Nikafanya hivyo, mwanamume mzima nimesimama kama korongo. Akapiga magoti kama mtu aliyesukumwa. Kati ya mawe palikuwa na vimea vichache, majani mawili mawili yamelala ardhini kama masikio ya mbuzi, na katikati ua jeupe dogo lisilofika hata kwenye kifundo cha mguu. Kimoja kilikuwa na alama ya kiatu changu.

Daktari akalia. Hakulia kwa sauti, machozi tu, na mkono umefunika mdomo. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Msibani najua la kusema, arusini najua, lakini hapa? Nikasema, "Pole," kisha nikasema, "Hongera."

Akajifuta. "Nyumba itakaa wapi hasa?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa chini ya magoti yake.

"Hiyo si shida," nikasema. "Ng'oa yote upeleke Nairobi. Nakupa bure."

"Nitachukua mmoja. Lakini jamaa za mmea huu wakihamishwa huoza. Umeshikilia chini ya mawe haya, labda tangu kabla ya babu yako." Akanitazama. "Nyumba haiwezi kusogea?"

"Mama, nyumba yangu imeshatangazwa ziwani."

Hakubishana. Aliniomba ruhusa aweke alama, mafundi wasije wakapakanyaga kabla hajarudi. Karatasi zake kavu alikuwa ameziacha hotelini Homa Bay, na ule mmoja aliochimba lazima ulazwe kwenye karatasi kavu upesi. Jumamosi angerudi, tuzungumze tena. Akachonga kijiti kwa kisu chake, akakipigilia kwa jiwe katikati ya vimea, akachana ukingo wa leso yake nyekundu na kukifunga juu.

"Weka tu," nikamwambia. "Kigingi si nyumba."

Jumamosi tulitoka kwa marehemu baba alfajiri. Baba mdogo mbele na jembe lake. Mwanangu na jogoo kwapani. Mimi na shoka. Nyuma yangu mama watoto amebeba makaa ya moto katika chungu, na nyuma kabisa ndugu yangu na lori la nguzo na mabati, na mafundi juu. Mtu asiyejua mila zetu aelewe hivi: nyumba ya kwanza, hata iwe ndogo ya mabati, lazima isimame siku hiyo hiyo, moto uwashwe ndani yake kabla jua halijazama, na mwenyewe alale humo. Na aliyetoka na moto harudi nao. Ukishindwa, huna boma jipya na la zamani umelifunga. Unabaki mtu wa njiani.

Tulipofika juu, baba mdogo akasimama ghafla hata jogoo akapiga kelele.

"Mano ang'o?" akauliza. Hicho ni nini?

"Kigingi, baba."

"Naona ni kigingi. Sijapofuka. Cha nani?"

Mimi nikafungua mdomo, na hapo hapo nikaona alichokiona yeye. Kwetu kijiti kilichochongwa na kupigiliwa mahali pa boma si alama ya kupita tu. Ni mtu amesema: nimefika, hapa ni kwangu. Na kigingi cha mtu haking'olewi na mwingine. Wapo waliojaribu, na hadithi zao hatuzisimulii mbele ya watoto.

"Na kitambaa juu," baba mdogo akasema. "Huyu hata bendera amepandisha. Mwana wa ndugu yangu, umenileta nichimbe ndani ya boma la mtu?"

"Baba, hicho nakitoa mimi mwenyewe sasa hivi."

Akapiga mpini wa jembe chini. "Kiguse, mimi naenda zangu."

Mafundi, ambao walikuwa wameanza kushusha nguzo, wakaziweka taratibu kama watu waliokuta maiti.

"Ni cha mwanamke mmoja," nikasema, na papo hapo nikajua nimezidisha.

"Mwanamke! Mwanamke ndiye ameanzisha boma?"

"Hajaanzisha kitu. Anatunza mmea."

"Mmea gani?"

Nikamwonyesha. Jua la siku zile lilikuwa limeshavinyausha vimea vingine, ukabaki mmoja tu na ua limeinama. Baba mdogo akainama naye, magoti yakilia. Akatazama mmea, akanitazama mimi, akatazama lori langu.

"Hiki?"

Mama watoto hakuweza kujizuia. "Mume wangu amefungiwa njia na kitunguu," akasema, na lori zima likacheka.

Uamuzi wa baba mdogo ulikuwa mmoja: aliyekipigilia ndiye akitoe, kwa mkono wake, mbele ya watu. Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Mara ya tatu daktari akapokea, upepo mwingi, yuko Rodi Kopany akija. Nikamtuma ndugu yangu akamlaki na pikapu, nikamwambia leo gari hilo lipae.

Tukangoja. Jua lilipanda. Mama watoto aliketi amekumbatia chungu akilisha makaa magunzi ya mahindi, moja, jingine. "Moto haungoji Homa Bay," akasema kila aliponiona nikitazama barabara. Mwanangu alilalamika kwamba jogoo amemchafua shati. Kule chini ziwani mashua zilikuwa zikirudi, na najua walitazama juu kutafuta mabati mekundu, wakaona watu wamekaa kama wanaosubiri gari la maiti.

Ili kupitisha muda, na ili mafundi wasinicheke sana, nikawaeleza kuhusu Mzungu wa Karatasi na babu yetu, mkuu wa wapagazi.

"Nani?" baba mdogo akauliza.

"Babu. Baba yako."

"Mkuu wa wapagazi?" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Nani aliwaambia? Kaka yangu? Kaka yangu alipenda kupaka mambo mafuta. Sikiliza. Baba alibeba mzigo mpaka mto Kuja tu. Walipofika pale wakaufungua kwa siri, wakitegemea dhahabu au shanga. Wakakuta nyasi. Nyasi kavu, zimelazwa kama watoto. Baba akasema, mimi siwezi kubeba nyasi za mwanamume mwenzangu. Akaweka mzigo chini, akarudi nyumbani na chumvi ya mzungu."

Mafundi wakacheka, wale wale ninaowalipa mimi. Nilikaa juu ya mfuko wangu wa saruji na sikujua tena nimwamini nani, marehemu baba au ndugu yake aliye hai. Nikakumbuka yule mzee wa nyavu, mama wa mbuzi, muuza chai na mgongo wake. Labda wote walikuwa na kaka wa kupaka mafuta.

Jua lilikuwa limepita utosi pikapu ilipopanda mteremko. Daktari akashuka, viatu vimejaa tope, akaona jogoo, shoka, chungu cha moto na umati, na uso wake ukawa kama wangu siku ile ya ua.

"Mama, karibu kwako," baba mdogo akamwambia. "Tumekuja kukuomba mahali pa kujenga."

"Shikamoo, baba. Sielewi."

Hata mimi sikuelewa sana, lakini nikamweleza. Akashika kichwa. "Baba, naomba radhi. Sikujua. Mimi nilikuwa naonyesha mmea tu. Ulichumwa hapa na mtu wa zamani. Alisema ni pori tupu, hakuna watu."

"Hakuna watu?" Baba mdogo akageuka kwa mafundi. "Mmesikia? Hakuna watu! Na mizigo yake ilibebwa na fisi?" Akamgeukia tena, sauti imeshuka. "Watu walikuwa wamekimbia ugonjwa wa malale, mama. Maboma yalikuwa yamefungwa, na wenyewe walirudi. Haya, niambie. Huu mmea unaliwa?"

"Hapana."

"Unatibu?"

"Hatujui."

"Ng'ombe?"

"Nadhani wanautema."

"Sasa unafanya nini?"

Daktari akautazama mmea kama anayeuona mara ya kwanza. Mwanamke aliyesoma hivyo! "Baba," akasema mwishoni, "sijui unafanya nini. Najua tu kwamba uko hapa na sijauona mahali pengine."

Baba mdogo akakielekezea kigingi mpini wa jembe lake. "Toa kigingi chako," akasema.

Akapiga magoti. Alikishika kwa mikono miwili, akakaa hivyo, kisha akakivuta. Kilitoka kirahisi, ardhi ilikuwa laini. Akafungua kitambaa, akajifunga mkononi, akasimama kando karibu na mama watoto. Hakuniomba kitu. Angeniomba, nadhani ningekataa. Nilikuwa na maneno tayari.

Sasa njia ilikuwa wazi. Baba mdogo akasimama pale pale, akainua jembe juu ya ule mmoja uliobaki, na kama mila inavyotaka akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mwana wa ndugu yangu, ni hapa?"

Jibu ni moja tu. Unasema ni hapa, jembe linashuka, na hakuna wa kukusogeza mpaka ufe. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo nikiwa dukani, nikiwa garini, nikinyoa ndevu. Ziwa lilikuwa wazi mbele yangu lote, mpaka Remba.

"Shuka chini kidogo, baba," nikasema.

"Nini?"

"Chini. Kule nyuma ya mawe."

Ndugu yangu akaja mbio. "Omera, kaka, umerogwa? Kule nyuma huoni chochote!"

Ni kweli. Nyuma ya yale mawe makubwa kuna uwanda mzuri wa udongo, lakini mawe yanaziba ziwa lote. Hulioni, nalo halikuoni. Nilijua hivyo, na bado mdomo wangu ulikuwa ukirudia neno lile lile. Sikumtazama daktari. Sikuwa nikimfikiria babu wala yule mzungu. Kama nilifikiria kitu, ni lile neno la baba mdogo, zimelazwa kama watoto, na hata hilo sina hakika.

Baba mdogo aliliteremsha jembe taratibu. Kisha akaweka jembe begani, akazunguka mawe, akauliza tena, ni hapa, nikasema ni hapa, na jembe likashuka.

Mafundi walifanya kazi siku hiyo kama watu wanaokimbizwa na mvua. Daktari naye alishika nguzo, akashikilia misumari, akaumia kidole na hakusema. Jua lilikuwa limegusa maji, ingawa sisi hatukuliona, tuliona tu mawe yamegeuka rangi, mama watoto alipoingia na chungu. Moto ulikuwa hai. Magunzi yalikuwa yamekwisha, alikuwa amefikia kuchoma kikapu chake. Jogoo akafungiwa ndani. Mwanangu akapewa mahali pa nyumba yake kushoto kwa lango, na alipopima hatua akicheka nilimwona akiwa mtoto tena.

Sasa nina boma. Kwenye kikao cha ukoo nakaa na wanaume. Ndugu yangu naye ametoka, amejenga juu barabarani, nyumba yake inaonekana mpaka Karungu, na hachoki kunikumbusha. Nyumba yangu ya mawe ni kubwa kuliko yake mara mbili, lakini ukitaka kuiona lazima nikushike mkono nikuzungushe nyuma ya mawe. Wavuvi huniuliza, mabati mekundu yako wapi? Nawaambia yapo. Wageni wakiniuliza kwa nini mahali pazuri kabisa pa kiwanja pamebaki mawe na nyasi, husema nimepaacha tu. Sijapata jibu lingine.

Daktari amestaafu, lakini mvua ya kwanza ikipiga hunipigia simu. "Umetoka?"

Mwaka uliofuata haukutoka. Nikamwambia bado. Akasema wakati mwingine hupumzika chini. Mwaka huu mvua imechelewa, imepiga juzi. Leo asubuhi nimepanda na kikombe changu cha chai, nimepiga magoti, nimesogeza mawe madogo kwa kidole. Kuna kitu kijani. Kidogo kama ncha ya msumari. Nimekipiga picha, nikamtumia, nikangoja huku chai inapoa.

"Inaweza kuwa wenyewe," akanijibu. "Inaweza kuwa nyasi. Hata mimi sijui. Usipakanyage, tazama kesho."

Kule chini mashua zilikuwa zinarudi. Kutoka pale ziwa lote linakuona. Sori tayari wanasema yule tajiri wa mabati amepata dini mpya, kila mvua ikinyesha anaonekana juu mlimani amepiga magoti. Waache. Nimepazungushia mawe, nimewaambia watoto na ng'ombe, na kesho nitapanda tena nione kama ni nyasi.